Kabla ya kupeleka picha ya Ulaya Tokyo: jinsi ninavyolichunguza soko la Japani

Wauzaji wanaoniandikia kutoka Antwerp, Paris au Hamburg karibu wote huanza na swali moja: nina picha iliyochorwa na Utrillo, au Laurencin, au Vlaminck, nani Tokyo ataichukua? Kazi yangu ni kuwasindikiza wageni wa namna hiyo kwenye maghala, minada na maduka ya picha, kuwakalimania, na mara nyingi kuwazuia wasitaje bei mapema. Swali lao nalipokea, ila silijibu siku hiyo. Nawauliza la kwangu kwanza: unajua Japani tayari ina picha ngapi za Utrillo?

Maana soko hili limejaa. Wajapani wananunua picha za Ulaya kwa zaidi ya miaka 100 sasa, na miaka ya mwisho ya 1980 walikuwa wakiwashinda bei Wamarekani na Wazungu wenyewe mnadani. Sehemu kubwa ya mali hiyo ingali humo humo nchini: kwenye makumbusho, kwenye maghala ya kampuni, kwenye nyumba za wajane wa wenye viwanda. Nyingine inatoka taratibu kurudi New York na Paris. Kwa hiyo anayekuja kuuza anashindana na picha zilizotangulia kufika, na anayekuja kununua ana nafasi nzuri kuliko anavyodhani. Vyovyote iwavyo, chunguza kwanza kilichomo ndani. Watu watafuata.

Anzia Ueno

Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Magharibi yako Ueno, Tokyo, hatua chache kutoka stesheni, ndani ya jengo lililosanifiwa na Le Corbusier na kufunguliwa mwaka 1959. Wageni wangu hutaka kuyaacha hadi siku ya mwisho, kama matembezi ya kupumzika. Mimi huwapeleka asubuhi ya kwanza, tena nawaomba wasome vibao kabla ya kutazama picha. Jina moja litawarudia rudia: Matsukata.

Matsukata Kojiro alikuwa mkuu wa kampuni ya Kawasaki ya kuunda meli, mjini Kobe. Vita Kuu ya Kwanza ilipopandisha bei ya meli alipata fedha nyingi, na kuanzia mwaka 1916 hivi akawa ananunua London na Paris kwa wingi wa kutisha: Monet, Rodin, Gauguin, Van Gogh, mpaka samani na mazulia ya ukutani. Alikusudia kujenga makumbusho Tokyo ili wachoraji vijana, waliokuwa wakijifunza kwa picha za vitabuni, waone kitu chenyewe. Mwaka 1927 ukaja mgogoro wa benki, kampuni yake ikayumba, na mkusanyo ukatawanyika. Picha zilizokwisha kufika Japani ziliuzwa kulipia madeni. Zilizokuwa London ziliteketea ghalani kwa moto mwaka 1939. Zilizobaki Paris zilishikiliwa na serikali ya Ufaransa mwishoni mwa Vita vya Pili kama mali ya adui, na mwaka 1959 takriban 370 zikarudishwa Tokyo, kwa makubaliano kwamba zijengewe jumba lake. Ufaransa ilijibakizia chache nzuri. Mojawapo ni ile ya chumba cha kulala cha Van Gogh mjini Arles, ambayo leo iko Musée d'Orsay.

Hadithi hii nairefusha kwa sababu ina faida sokoni. Picha zile zilizouzwa kulipia madeni ya Matsukata ziliingia majumbani mwa Wajapani, na hadi leo hutokeza mara moja moja. Historia ya umiliki yenye jina lake humfanya mnunuzi wa Kijapani aisogelee picha kwa macho mengine kabisa. Ukikuta jina hilo nyuma ya fremu huko Ulaya, hiyo ni picha ya kuiulizia Tokyo kabla ya mahali pengine popote.

Baada ya Ueno nenda Artizon, mtaa wa Kyobashi, unafika kwa miguu kutoka stesheni ya Tokyo. Ni mkusanyo wa Ishibashi Shojiro, mwanzilishi wa Bridgestone ya matairi. Ulifunguliwa kwa umma mwaka 1952 na makumbusho yakafunguliwa upya kwa jina hili mwaka 2020. Kisha makumbusho ya kampuni ya bima ya Sompo, Shinjuku, kwenye ile picha ya Alizeti ya Van Gogh nitakayoirudia punde. Ukiwa na siku za ziada panda treni hadi Kurashiki, ambako Ohara Magosaburo alifungua makumbusho mwaka 1930 kwa picha alizonunuliwa Ulaya na rafiki yake mchoraji, Kojima Torajiro. Ndani yake mna El Greco wa kweli, katika mji mdogo wa maghala ya mpunga na mfereji. Mkoa wa Yamanashi ulifungua makumbusho yake Kofu mwaka 1978 ukiwa na Mpandaji Mbegu wa Millet. Mwaka huohuo Benki ya Hiroshima ilifungua ya kwake yenye Wafaransa wengi. Hakone kuna Pola, kampuni ya vipodozi, tangu 2002.

Chukua daftari. Kwa kila picha andika mchoraji, kipimo, kinachochorwa, na mwaka iliponunuliwa kama umeandikwa. Ukimaliza makumbusho manne hivi utaanza kuona mwelekeo. Ni Wafaransa, kuanzia Millet hadi wale wageni waliohamia Paris mwanzoni mwa karne ya 20: Chagall, Modigliani, na Foujita, Mjapani mwenyewe. Ni maua, bandari, barabara yenye theluji, mwanamke mwenye kofia. Waholanzi wa karne ya 17 ni wachache. Wajerumani wa mwanzoni mwa karne ya 20 ni wachache zaidi. Mabwana wa Kiingereza na mbwa wao wa kuwindia utawatafuta sana.

Sababu yake ni ya zamani. Kuroda Seiki alirudi kutoka Ufaransa miaka ya 1890 akawafundisha Wajapani kuchora kwa mafuta namna ya Paris, na jarida la Shirakaba, lililochapishwa kuanzia 1910 hadi 1923, likawalisha wasomaji Cézanne, Van Gogh na Rodin. Vizazi kadhaa vimekua vikijua kwamba sanaa ya Ulaya maana yake Paris. Huwezi kubadilisha jambo hilo kwa katalogi moja nzuri. Niliwahi kumsindikiza muuzaji aliyeleta mtakatifu aliyechomwa mishale, kazi safi ya Kiflandria. Alisifiwa kwa adabu katika kila duka, akanywa chai nyingi sana, akarudi nayo.

(Ukitaka kupima mapenzi hayo yana kina gani, Naruto kuna makumbusho ya Otsuka, yaliyofunguliwa 1998. Yana nakala zaidi ya 1,000 za kazi maarufu za Magharibi, zote zimechapwa kwenye vigae vya udongo kwa ukubwa wa zile halisi. Hakuna hata moja ya asili, na watu wanalipa kiingilio kuziona.)

Jua fedha zilitoka wapi na zilikwenda wapi

Huwezi kuelewa bei za leo bila miaka ya 1985 hadi 1991. Septemba 1985, nchi tano tajiri zilikubaliana katika hoteli ya Plaza, New York, kushusha dola. Yeni, iliyokuwa 240 hivi kwa dola, ikafika karibu 120 katika muda usiotimia miaka mitatu. Ghafla kila kitu cha Ulaya kikawa nusu bei kwa mwenye yeni, na benki za Japani zilikuwa zikikopesha bila kuuliza sana. Machi 1987 kampuni ya bima ya Yasuda, ambayo leo ni Sompo, ilinunua Alizeti ya Van Gogh kwa Christie's, London, kwa pauni milioni 24.75. Mei 1990 Saito Ryoei, mwenye viwanda vya karatasi, alinunua Daktari Gachet wa Van Gogh kwa dola milioni 82.5, na siku mbili baadaye akaongeza Renoir kwa dola milioni 78.1. Alisema atachomwa nazo akifa, kisha akasema alikuwa anatania.

Mwishoni mwa Desemba 1989 soko la hisa la Tokyo lilifika kileleni na kuanzia hapo likaporomoka. Benki zilizokopesha kwa dhamana ya picha zilijikuta na stoo za picha za Renoir, zisijue zifanye nazo nini. Hazikuziuza kwa kelele. Zilizitoa chinichini, miaka mingi mfululizo, kwa hasara iliyofichwa ndani ya vitabu. Ndiyo maana ukimuuliza muuzaji mzee wa Ginza, mtaa wa maduka ya picha Tokyo, kuhusu picha fulani ya kipindi hicho, ataangalia dirishani kwanza.

Sasa tuko kwenye wimbi la pili la picha kutoka. Yeni imeshuka: mwaka 2011 ilikuwa karibu 75 kwa dola, mwaka 2024 ilivuka 160. Kodi ya urithi inafika asilimia 55 kwa mali kubwa, na waliokusanya miaka ya 1980 wanafariki. Kampuni zinabanwa na wenye hisa waulizao kwa nini kiwanda cha wino kinamiliki Monet. Hicho si kielelezo cha kubuni: kampuni ya DIC ilifunga makumbusho yake ya Kawamura, mjini Sakura, mwisho wa Machi 2025, na Novemba mwaka huo baadhi ya kazi zake, pamoja na Maua ya Maji ya Monet, zikapigwa nyundo New York. Kila habari ya aina hii ikate uiweke. Orodha ya kampuni zenye makumbusho na hisa zinazoshuka ndiyo orodha ya wauzaji wa kesho.

Minada: darasa la bure

Ukitaka bei, usianze kwa kuuliza watu. Anza na matokeo ya minada ya Tokyo. Mainichi, Shinwa, SBI na Est-Ouest wote hutoa katalogi, na matokeo yao huwekwa wazi. Christie's na Sotheby's wana ofisi Tokyo lakini hao kazi yao huko ni kutafuta mali na wateja wa minada ya nje, kwa hiyo usiwategemee wakuonyeshe bei ya ndani.

Chagua mchoraji mmoja. Mmoja tu. Kusanya matokeo yake ya Tokyo kwa miaka mitatu, halafu ya Paris kwa muda huohuo, ukilinganisha kazi za aina moja: litografia (picha iliyochapwa kutoka jiwe) na litografia, mafuta na mafuta, mwaka wa kuchorwa usipishane sana. Badilisha fedha kwa kiwango cha siku ile ya mnada, usitumie cha leo. Utagundua kwamba kwa chapa, yaani picha zilizochapwa, za Chagall au Miró Tokyo mara nyingi haina cha kukuongezea, na wakati mwingine unanunua huko kwa nafuu. Kwa majina ambayo Wajapani waliyalea wenyewe, hesabu ni nyingine. Bernard Buffet, kwa mfano, ana makumbusho yake Japani tangu 1973, katika mkoa wa Shizuoka, wakati Paris bado ilikuwa ikimcheka. Cassigneul, Aïzpiri na Brasilier nao wana watu wao huko. Muuzaji wa Brussels anayeona Aïzpiri imetupwa kwenye mnada wa mkoani Ufaransa na asijue hilo, amepita juu ya fedha.

Kabla ya kila mnada kuna siku za kutazama. Nenda hata kama hununui. Unaruhusiwa kuomba picha ishushwe na kugeuzwa, na nyuma ndiko kwenye habari. Tafuta vibandiko vya maduka. Kibandiko cha Nichido, waliopo tangu 1928, au cha Tamenaga, waliofungua Ginza 1969 na Paris 1971, humpa mnunuzi wa Kijapani utulivu ambao barua ndefu ya mtaalamu wa Ulaya haimpi. Jambo la pili la kuangalia ni ukungu. Mvua za Juni na Julai zinalowesha Tokyo yote, na picha iliyokaa miaka 30 kwenye stoo isiyo na kiyoyozi huota madoa meupe kwenye vanishi na madoa ya kahawia kwenye karatasi. Beba tochi ndogo, imulike kwa ubavu. Wajapani ni wakali sana juu ya hali ya picha. Ufa mdogo ambao Paris wanauita uzee, Tokyo unaua bei.

Tazama pia vitu vinavyoambatana na picha. Picha ya mafuta Japani hutembea ikiwa imevishwa mfuko laini wa kitambaa cha njano, kisha ndani ya sanduku bapa la karatasi ngumu wanaloliita tato. Ikifika kwa mteja bila vitu hivyo, anajiuliza imetoka wapi. Watengenezaji wa fremu wa Tokyo huvitengeneza kwa kipimo. Viagize kabla hujaonyesha.

Watu: maduka, kokankai, na duka kubwa

Hapa ndipo wageni hukwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Picha nyingi hazipiti kwenye mnada wa wazi. Zinapita kwenye kokankai, minada ya wauzaji kwa wauzaji, inayofanyika milango imefungwa. Wanachama huingia kwa wadhamini, wanajuana, na bei haitangazwi. Kitovu cha kale cha mambo haya ni Klabu ya Sanaa ya Tokyo, Shimbashi, iliyoanzishwa 1907, ingawa kila kundi lina vikao vyake, na wauza picha za mafuta wana chama chao. Wewe mgeni hutaingia. Usipoteze mwezi ukiomba. Unachoweza ni kumpata mwanachama mmoja anayekuamini, akakuletea picha au akaipeleka yako kwa jina lake. Ili umpate, nenda kwenye maonyesho ambayo wauzaji hao huyafanya wazi kwa umma, pamoja na Art Fair Tokyo inayofanyika Machi kwenye Tokyo International Forum, ambako vyombo vya kale na picha za mafuta hukaa ukumbi mmoja na vijana wa leo. Zungumza naye juu ya picha zake. Yako iache kwenye simu hadi akuulize.

Mlango wa pili ni duka kubwa. Mitsukoshi na Takashimaya wameuza picha tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na hadi leo familia yenye daktari au mwenye kiwanda katika mji wa mkoani huenda inanunua picha yake ya kwanza orofa ya sanaa ya duka la namna hiyo. Mauzo mazito hufanywa na gaisho, wafanyakazi wa duka wanaowatembelea matajiri nyumbani. Gaisho mzuri anajua ukuta gani wa mteja uko wazi na binti yake anaolewa lini. Mara kadhaa kwa mwaka duka hukodi ukumbi wa hoteli, likawaalika wateja hao, na picha zikauzwa hapo pamoja na vito na kimono. Wewe huuzi kwa duka moja kwa moja: unampa muuzaji wa picha, muuzaji anaiweka dukani kwa makubaliano ya kulipwa ikiuzwa, na kila mmoja anakata chake. Hesabu vizuri makato hayo kabla ya kushangilia bei ya mezani.

Kwa wachoraji wa Ulaya walio hai njia ni nyingine na ni fupi: maduka ya kimataifa. Perrotin wako Roppongi tangu 2017, Pace wamefungua Azabudai mwaka 2024, na Kyoto kuna maonyesho ya kila mwaka yaliyoanza 2021 ambapo duka la Japani humkaribisha la nje kwenye kibanda kimoja. Hayo ya mwisho nayapenda kwa sababu yanakupa mwenyeji bila ya kumtafuta.

Neno juu ya adabu, na nitapita haraka kwa sababu kila mtu anaandika juu yake. Usipunguze bei mbele ya mteja. Wacha muuzaji wenu wa kati azungumze. Aliyekwambia atalifikiria, mhesabu kuwa amekataa. Anayekuomba uache picha kwake siku chache ameshaanza kununua. Na ujue kwamba baadhi ya watu wa umri wa makamo wana kinyongo na wauza picha, kwa sababu miaka ya nyuma palikuwa na maduka yaliyowavuta wapita njia kwa kadi za picha, yakawabana chumbani hadi wasaini mkopo wa chapa. Mwenye kinyongo hicho hatanunua kwa kuharakishwa.

Ukubwa na bei

Picha Japani hupimwa kwa go, yaani namba ya ukubwa. Mpangilio umetokana na vipimo vya Kifaransa: F4 ni milimita 333 kwa 242, F10 ni 530 kwa 455, F20 ni 727 kwa 606, F100 ni 1620 kwa 1303. Wachoraji wengi wa Kijapani wana bei ya kila go, unazidisha tu. Kwa mchoraji wa Ulaya aliyekufa hesabu haiendi hivyo, lakini mnunuzi ataifanya kichwani hata hivyo, basi andika go kwenye karatasi yako kando ya sentimita. Nyumba za Tokyo ni finyu. Kati ya F4 na F10 kunauzika. F50 inahitaji kampuni, hoteli au kliniki.

Kliniki ni wateja ambao wageni huwasahau. Tangu mwaka 2015, kazi ya sanaa iliyogharimu chini ya yeni 1,000,000 inaweza kuhesabiwa na mfanyabiashara kama mali inayochakaa, akaikata kwenye kodi miaka inavyokwenda. Ikifika milioni, kwa kawaida haikatwi. Vitu vya kale na vile ambavyo thamani yake ni wazi haishuki haviingii. Kwa hiyo kwa litografia au mafuta madogo ya mchoraji wa karibuni, bei ya yeni 980,000 na bei ya yeni 1,050,000 ni vitu viwili mbalimbali kabisa kwa daktari wa meno.

Karatasi

Ukinunua kazi zilizotumika ndani ya Japani ili uziuze tena, unahitaji leseni ya kobutsu, ya wauza vitu vilivyotumika. Inaombwa kituo cha polisi, ada ni yeni 19,000, na uamuzi huchukua kama siku 40. Kuuza ulichonunua mwenyewe nje na kukiingiza hakuhitaji leseni hiyo. Waulize polisi wa mtaa wa ofisi yako kabla ya kuanza. Wana subira na watu wanaouliza mapema.

Ushuru wa forodha kwa picha halisi, chapa za asili na sanamu ni sifuri. Kinacholiwa ni kodi ya matumizi, asilimia 10, juu ya thamani pamoja na usafirishaji na bima. Tuseme picha ya yuro 20,000 kwa kiwango cha yeni 160: ni yeni 3,200,000. Safari na bima ziwe 200,000. Kodi ni 340,000, na sasa picha imesimama kwa 3,740,000 kabla hujamlipa mtu hata kikombe cha chai. Muuzaji wa Tokyo aliyesajiliwa kwa kodi hiyo anaweza kuikata kwenye hesabu zake. Wewe usiyesajiliwa inakukaa. Ndiyo sababu maonyesho ya Tokyo Gendai, yaliyoanza Yokohama mwaka 2023, yaliomba hadhi ya eneo la forodha: kodi hailipwi hadi picha iuzwe.

Upande wa Ulaya, picha yenye umri zaidi ya miaka 50 na thamani zaidi ya yuro 150,000 inahitaji kibali cha kutolewa nje ya Umoja wa Ulaya. Kwa rangi za maji kiwango ni 30,000 na kwa michoro na chapa ni 15,000. Jambo moja la kufurahisha wauzaji na kuwaudhi wachoraji: Japani haina sheria ya kumlipa mchoraji asilimia yake picha inapouzwa tena, kama ilivyo Ufaransa.

Uhalisi ndio usiwe mvivu nao. Mwaka 2024 makumbusho mawili ya mikoa, Tokushima na Kochi, yalianza kuchunguza picha zao zilizoshukiwa kuwa kazi ya mghushi wa Kijerumani, Wolfgang Beltracchi. Ile ya Tokushima, iliyodhaniwa kuwa ya mchoraji Mfaransa Metzinger, ilinunuliwa mwaka 1999 kwa yeni milioni 67.2. Tangu hapo wanunuzi wanauliza maswali marefu zaidi, na wana haki. Cheti cha miaka ya 1980 kilichosainiwa na mtaalamu aliyekwishafariki hakitoshi. Mnada utataka jibu la kamati au taasisi inayotambuliwa leo kwa mchoraji huyo. Liombe wakati picha ingali Ulaya. Umiliki wa miaka ya 1933 hadi 1945 nao uwe na maelezo: hata Alizeti ya Sompo ilishtakiwa Marekani mwaka 2022 na warithi wa mwenye benki wa Berlin, na ingawa mahakama ya Illinois iliitupa kesi mwaka 2024, hakuna mnunuzi wa kawaida anayetaka kupitia hayo.

Kama unakwenda kuonyesha tu, tumia karneti ya ATA, hati ya forodha ya kuingiza vitu kwa muda. Japani inaipokea, na picha inaingia na kutoka bila kodi. Kumbuka ni ya vitu vinavyorudi. Sanduku la mbao liwe na muhuri wa ISPM 15 wa mbao zilizotibiwa wadudu. Kioo kibadilishe uweke akriliki, kwa sababu ya matetemeko na kwa sababu wateja watauliza. Na kama fremu ya kale ina kipande cha pembe za ndovu au gamba la kasa, ing'oe picha humo, uiache fremu Ulaya, na uagize nyingine Tokyo.